Insha nyingi hazina daraja kati ya ushahidi na dai

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie insha ya hoja, ile ambayo mwanafunzi hupewa suala lenye pande mbili, akatakiwa achague upande na autetee. Ushauri anaopewa mara nyingi ni huu: andika kwa mwandiko unaosomeka, pamba kazi yako kwa methali na tamathali za usemi, tumia msamiati mzito, fikisha idadi ya maneno. Mwanafunzi anaweza kuyatimiza yote hayo akatoa insha isiyomshawishi mtu yeyote, wala asijue kwa nini. Kwa sisi tunaofundisha na kusahihisha insha za aina hii, kosa kubwa liko mahali pamoja, katika pengo lililopo kati ya ushahidi na dai.

Kwanza maneno yenyewe, maana darasani huchanganywa sana. Msimamo ni upande ambao mwandishi ameuchagua kwa mada nzima. Dai ni sababu moja ya kuushikilia msimamo huo. Ushahidi ni kitu kinachoonyesha kwamba dai ni kweli: takwimu, tukio linalojulikana, sheria, mfano halisi, au maelezo ya jinsi jambo linavyofanya kazi. Hoja pinzani ni sababu nzito ya upande wa pili. Jibu ni maelezo ya kwa nini sababu hiyo haiuangushi msimamo. Watafiti wa Marekani waliokusanya insha zaidi ya 25,000 za wanafunzi wa darasa la 6 hadi la 12 walizichambua kwa sehemu hizihizi, wakaongeza utangulizi na hitimisho, zikawa saba. Kila sehemu ilipimwa peke yake: ina nguvu, inatosha, au haina nguvu. Faida ya kupima hivyo ni kwamba insha moja inaweza kuwa na msimamo ulio wazi kabisa na ushahidi usiofaa kitu. Mwanafunzi aliyerudishiwa karatasi yenye 12 kati ya 20 hawezi kulijua hilo kwa kuitazama namba.

Sasa turudi kwenye pengo. Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alieleza kwamba mtu anapotoka kwenye ushahidi kwenda kwenye dai hupita juu ya kanuni fulani ambayo mara nyingi haitamki. Mfano wake ulikuwa mtu aitwaye Harry: Harry alizaliwa Bermuda, kwa hiyo ni raia wa Uingereza. Anayeijua sheria ya uraia ya wakati ule haoni tatizo. Asiyeijua anaona habari mbili zilizowekwa pamoja bila sababu. Kanuni iliyofichika hapo ni kwamba mtu aliyezaliwa Bermuda kwa kawaida huwa raia wa Uingereza. Sisi tunaiita daraja, na wanafunzi huielewa haraka kwa jina hilo.

Chukua mada inayotolewa kila mahali: simu zipigwe marufuku shuleni au la? Mwanafunzi anayeunga mkono marufuku anaandika hivi:

"Simu zina madhara makubwa kwa masomo. Nchini Ufaransa simu zilipigwa marufuku shuleni mwaka 2018. Hii inaonyesha wazi kwamba simu huharibu elimu. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka."

Aya hii ina dai, ina mfano wa kweli wenye mwaka, ina methali inayoendana na mada, na lugha yake haina kosa. Wasahihishaji wengi wataipa alama nzuri. Lakini itazame tena. Sheria ya Ufaransa inathibitisha kwamba Ufaransa ilipiga marufuku, basi. Serikali huweza kupitisha sheria kwa sababu nyingi, na hata ikiwa na nia njema, sheria kuwepo si sawa na sheria kufaulu. Tena sheria ile iliwalenga wanafunzi wa shule za msingi na za kati, wenye umri wa hadi miaka 15 hivi. Kama mada inahusu vijana wa miaka 17, ushahidi haujafika hata ukingo wa mto. Neno "wazi" katika "inaonyesha wazi" limewekwa pale ambapo maelezo yalitakiwa. Hiyo ni dalili ya kuaminika kabisa: ukikuta "ni dhahiri kwamba", "bila shaka" au "kila mtu anajua", chungulia chini yake, mara nyingi utakuta daraja halipo.

Sasa aya nyingine yenye msimamo uleule:

"Marufuku ya simu huwasaidia zaidi wanafunzi walio nyuma kimasomo. Mwaka 2015 wachumi Louis-Philippe Beland na Richard Murphy walichapisha uchunguzi wa shule 91 katika miji minne ya Uingereza. Baada ya shule kuzuia simu, matokeo ya mitihani yalipanda, na waliopanda zaidi ni wale waliokuwa na alama za chini. Waliokuwa na alama za juu hawakubadilika. Jambo hili lina maana, kwa sababu mwanafunzi aliyezoea kujisomea anaweza kuipuuza simu iliyo mfukoni, ilhali anayepata shida kuelewa somo ndiye anayevutwa haraka na kitu chepesi. Kwa hiyo shule inapoacha kila mtu ajiamulie, inawaacha wenye shida wapambane peke yao."

Tofauti kubwa haitokani na takwimu. Itoe ile sentensi ya wachumi, ubaki na maelezo ya nani anavutwa na simu na kwa nini, na aya bado inasimama, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Kinachoibeba ni sentensi inayoanza na "jambo hili lina maana, kwa sababu". Hilo ndilo daraja. Dai nalo limepunguzwa hadi kipimo ambacho ushahidi unaweza kukibeba. Haisemi "simu huharibu elimu". Inataja nani anaumia.

Kupunguza dai ni ufundi ambao wanafunzi huuogopa. Wanadhani mwandishi hodari husema "wote", "siku zote", "kamwe". Kwa kweli maneno hayo humrahisishia mpinzani kazi, maana mfano mmoja tu wa kinyume unatosha kuangusha dai zima. "Mara nyingi", "kwa wanafunzi wengi", "wakati wa kipindi darasani" ni maneno yanayolifanya dai liwe gumu kuvunjika. Lakini isizidi. Mwanafunzi akiandika "pengine labda simu zinaweza kuwa na athari fulani kwa baadhi ya watu", hakuna dai lililobaki la kutetewa.

Kuna njia tatu za kujipima ambazo tunawashauri wanafunzi, na kila moja huchukua dakika moja. Ya kwanza ni kuuliza "kwa hiyo nini?" baada ya kila ushahidi. Kama jibu halimo kwenye karatasi, liandikwe. Ya pili ni kuuhamisha ushahidi: uchukue uuweke chini ya dai jingine katika insha ileile. Ukikaa sawasawa huko pia, basi haukuwa umefungwa na dai la kwanza. Ya tatu ndiyo ngumu, nayo ni kumpa mpinzani ushahidi huohuo. Sheria ya Ufaransa, kwa mfano, mpinzani anaweza kuigeuza: nchi imelazimika kutunga sheria kwa sababu shule zilishindwa kuzuia simu zenyewe, je, shule yetu itaweza? Ushahidi unaogeuzwa kirahisi hivyo unahitaji daraja refu zaidi, au uachwe.

Kuhusu methali, tunajua tunagusa jambo ambalo walimu wengi wanalipenda, na sisi tunalipenda pia. Methali huipa insha ladha na humwonyesha msomaji kwamba mwandishi ameikulia lugha. Ila haithibitishi kitu. Anayetetea kusubiri ataleta "haraka haraka haina baraka", na anayetetea kuharakisha atamjibu kwa "ngoja ngoja huumiza matumbo". Zote mbili ni za wahenga walewale. Methali ikae mwishoni mwa aya ambayo tayari imejenga hoja yake, iwe kama muhuri. Ikiwekwa mahali pa ushahidi, inaacha shimo. Na mwanafunzi akianza insha kwa methali, aya ya kwanza isiishe bila msimamo wake kuonekana. Tumesoma insha zenye utangulizi wa maneno 120 ambazo hadi mwisho wa utangulizi huo hujui mwandishi yuko upande gani.

Viunganishi navyo vinafichua mengi. Piga mstari chini ya kila kiunganishi katika insha ya mwanafunzi, kisha vigawe makundi mawili. Kundi la kwanza huongeza: pia, vilevile, aidha, isitoshe, fauka ya hayo, zaidi ya hayo, mbali na hayo. Kundi la pili hufikiri: kwa sababu, kwa hiyo, ikiwa, isipokuwa, ingawa, ilhali, hata hivyo, madhali. Insha dhaifu hujaa kundi la kwanza. Ina "fauka ya hayo" tano na "ingawa" hata moja haimo. Maana yake ni kwamba mwandishi amerundika hoja bila kuzihusisha, na ukizibadilisha aya nafasi, ya pili ikaja ya nne, hakuna kitakachoharibika. Katika insha yenye nguvu huwezi kuhamisha aya bila kuandika upya sentensi zake za mwanzo, kwa sababu kila aya inategemea iliyotangulia.

Ndiyo maana hatupendi sana kanuni ya hoja nyingi. Mwanafunzi wa insha ya maneno 400 anaambiwa alete hoja sita. Toa utangulizi maneno 50 na hitimisho 40, zimebaki 310, yaani kama maneno 50 kwa kila hoja. Maneno 50 hutosha kutaja dai na mfano, hayatoshi kujenga daraja. Kwa urefu huo hoja mbili zilizoelezwa hadi mwisho na hoja pinzani moja iliyojibiwa zinashinda hoja sita zilizotajwa. Pia hoja sita hizo ukizichunguza hupungua zenyewe: "simu hupoteza muda", "simu humfanya mwanafunzi asisome" na "simu hushusha bidii" ni hoja moja iliyovaa nguo tatu.

Hoja pinzani ndipo insha nyingi huangukia, hata zile nzuri. Wengine hawaitaji kabisa, wakiamini kwamba kuitaja ni kujidhoofisha. Wengine huibuni ikiwa dhaifu makusudi: "Wapo wanaosema simu ni nzuri kwa kuwa zinapendeza." Hakuna mtu mzima anayesema hivyo, na msomaji anaona kwamba mwandishi amekimbia mpinzani wa kweli. Mpinzani wa kweli wa marufuku ana hoja nzito. Atasema kwamba mzazi anahitaji kumfikia mtoto wake njiani. Atasema kwamba simu huwa ndiyo kamusi na maktaba pekee ya mwanafunzi. Na kama amesoma, ataleta uchunguzi wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2020, uliotumia njia inayofanana na ule wa Uingereza lakini haukuona mabadiliko yoyote ya matokeo baada ya marufuku.

Mwanafunzi afanye nini akikutana na uchunguzi huo? Kuuficha ni kosa, na kusema "si kweli" bila sababu ni kosa la pili. Kujibu kuna njia tatu za haki. Anaweza kuonyesha kwamba hoja pinzani si sahihi, ikiwa ana ushahidi. Anaweza kukubali kwamba ni sahihi lakini inahusu hali tofauti. Au anaweza kukubali yote, kisha aonyeshe kwamba upande wake bado una uzito zaidi: hata kama alama hazipandi, kipindi kisichokatizwa na milio ya simu ni faida kwa mwalimu na kwa wanafunzi. Njia hii ya mwisho hutumiwa kidogo sana na vijana, nasi tunaona ndiyo yenye ukomavu mkubwa. Mara nyingi humlazimisha mwandishi kurekebisha msimamo wake kidogo, labda kutoka "marufuku kabisa" hadi "marufuku wakati wa vipindi". Marekebisho hayo yakitokea katikati ya insha, arudi kwenye utangulizi aubadilishe ulingane nayo. Insha nyingi huanza na msimamo mmoja na kuishia na mwingine kwa sababu mwandishi alifikiri akiwa anaandika, jambo jema, lakini hakurudi nyuma.

Makosa mengine tuyataje kwa haraka. Kuna dai linalojizungusha: "simu ni mbaya kwa kuwa zina madhara", ambapo sababu ni dai lenyewe kwa maneno mengine. Kuna kuchukua mfuatano kuwa chanzo: alama zilishuka baada ya simu kuenea, kwa hiyo simu ndizo zilizoshusha, kana kwamba hakuna kingine kilichobadilika katika kipindi hicho. Na kuna kumshambulia mtu badala ya hoja yake, kama kusema wanaotetea simu ni wavivu.

Katika chumba cha mtihani muda ndio humponza mwanafunzi. Kwa insha ya dakika 40 tunapendekeza dakika 8 za kupanga kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, dakika 27 za kuandika na 5 za kusoma tena. Katika zile 8, achore mistari miwili wima kwenye karatasi ya kazi ya mkono: dai kushoto, ushahidi kulia, na katikati aandike neno "kwa sababu" na kulimalizia. Safu ya katikati ikibaki tupu, dai hilo liachwe. Ni afadhali kulitupa sasa kuliko kuligundua likiwa limekula nusu ukurasa. Katika zile 5 za mwisho asome sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake, kwa mfululizo. Zikisomeka kama hoja moja inayosonga mbele, mtiririko upo.

Tusiwalaumu wanafunzi peke yao, Mhariri. Wanaandika kile kinacholipwa. Marekani ilipoweka insha ya dakika 25 katika SAT, mtihani wa kuombea nafasi ya chuo kikuu, mwaka 2005, mhadhiri wa chuo kikuu cha MIT, Les Perelman, alizichunguza insha za mfano zilizotolewa pamoja na alama zake akakuta kwamba ndefu zaidi ndizo zilizokuwa zikipata alama za juu, na makosa ya ukweli hayakuadhibiwa. Habari kama hiyo ikimfikia mwanafunzi, atajaza kurasa. Huku kwetu darasani, kalamu nyekundu ikizunguka tahajia na upatanisho wa ngeli peke yake, mwanafunzi atajifunza kwamba hicho ndicho kinachosomwa. Tunaamini insha isahihishwe kwa mipito miwili. Mpito wa kwanza uwe bila kalamu mkononi, msahihishaji akifuatilia hoja tu na kuipa alama. Mpito wa pili ushughulikie lugha. Ukichanganya mipito hii, insha yenye makosa 15 ya tahajia na fikra imara itapigwa na insha safi isiyosema kitu.

Na yale maneno tunayoandika pembeni, "fafanua zaidi", yana madhara kuliko tunavyodhani. Mwanafunzi anayeambiwa afafanue zaidi huongeza sentensi mbili zinazorudia ya kwanza. Aandikiwe swali analoweza kulijibu: "Sheria hii inathibitishaje kwamba alama zitapanda?" "Nani hasa anaumia?" "Mzazi anayetaka kumpigia mwanawe utamjibu nini?" Swali moja la namna hiyo kwa kila insha linatosha, na mwanafunzi apewe nafasi ya kuiandika upya aya hiyo moja, si insha nzima.

Kwako Mhariri tuna ombi. Kurasa za elimu za magazeti zikichapisha insha za mfano, karibu kila mara huchapisha iliyofaulu tu, bila maelezo. Msomaji kijana anainakili, methali na yote, akiamini amepata siri. Tunaomba uchapishe aya mbili zenye msimamo mmoja, moja dhaifu na moja imara, zikiwa zimeandikwa kwa lugha safi sawasawa, na chini yake mstari mmoja unaoonyesha daraja liko wapi au limekosekana wapi. Wiki inayofuata ichapishwe aya dhaifu peke yake, na wanafunzi waalikwe kuijenga upya. Tuko tayari kuziandaa aya hizo na kusoma majibu yatakayokuja.

Ni sisi,
Walimu na wasahihishaji wa insha